Shajara ya mradi: treni ya mizigo ya tawi la Magadi kwa kipimo cha 1:87

Wiki ya 1: kuchagua njia

Tawi la reli linalotoka Konza, kwenye njia kuu ya Mombasa na Nairobi, hadi Ziwa Magadi lina urefu wa kilomita 146 hivi. Lilikamilika mwaka 1915 kwa ajili ya kiwanda cha magadi, na hadi leo shehena yake kubwa ni ileile: magadi yaliyochomwa yanayopelekwa bandarini Mombasa. Tumelichagua kwa mfano wetu mdogo wa reli, ambao kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya ukubwa halisi, kwa sababu kazi yake inaeleweka haraka. Njia ni moja, treni ni moja, wateja ni wachache, na kila mteja ana aina yake ya behewa. Halafu kuna bonde. Kutoka Konza hadi ziwani reli inashuka zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo mabehewa matupu huteremka na mabehewa yenye mzigo ndiyo yanayopanda. Reli nyingi zinazohudumia viwanda zimependelewa kuliko hii.

Kwa kipimo cha 1:87, kilomita 146 ni mita 1,678 za reli. Chumba kina nafasi ya mita saba na kidogo. Tulichobakiza ni vituo vinavyotoa kazi: Konza, iliyofichwa nyuma ya ubao na kuwa yadi ya kupangia treni, Kajiado, yenye lupu (njia ya pili inayoachana na njia kuu na kuirudia mbele) na saidingi (njia ya pembeni inayoishia kwenye kizuizi) ya mizigo mchanganyiko, saidingi ya machimbo ya marumaru, na Magadi yenyewe. Mpangilio wa pointi (mahali njia zinapogawanyika) ni wetu, haukunakiliwa mahali. Wakati tuliouchagua ni miaka ya 1980, treni ingali na behewa la gadi, msimamizi wa treni, mkiani. Behewa hilo limetupa kazi kuliko kitu kingine chochote, na mbele itaonekana kwa nini lilistahili.

Wiki ya 3: vibao na mwinamo

Vibao vitano vya milimita 1,200 kwa 450, na kimoja cha kona cha 750 kwa 750, vimepangwa kwa umbo la L. Plaiwudi ya milimita 9 juu, mbao za inchi 3 kwa 1 chini, boliti mbili za M8 kila kiungio. Kona ina nusu kipenyo cha milimita 600.

Mwinamo ni asilimia 2 kwa mita 2.8, yaani anguko la milimita 56 kutoka Kajiado hadi Magadi. Katikati tumeacha kipande tambarare cha milimita 700 kwa ajili ya saidingi ya marumaru. Kipande hiki ni kifupi mno, lakini hilo tulilijua baadaye.

Wiki ya 6: reli

Reli ya Afrika Mashariki ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ya kununua ya milimita 12 inatosha kabisa. Angalizo kwa anayeanza: reli ya milimita 12 inauzwa ya namna mbili. Ile ya TT (1:120) ina mataruma madogo yaliyobanana, na ukiitumia njia nzima inaonekana ya kitoto. Nunua ile ya HOm (1:87 kwa reli halisi ya upana wa mita moja), yenye mataruma makubwa na nafasi pana.

Kila kipande cha reli kina waya wake wa umeme kwenda kwenye waya mkuu wa milimita 2.5 za eneo chini ya vibao. Viunganishi vya reli vinashika reli zisiachane. Kazi ya kupitisha umeme tusiwaachie, maana vumbi likiingia kichwa cha treni kinakatakata mwendo, na lawama zinaangukia kichwa cha watu bure.

Kokoto ni vumbi la machimbo lililochekechwa kwa chujio la chai, likagandishwa kwa gundi ya mbao sehemu moja, maji sehemu tatu, na tone la sabuni ya vyombo. Upande wa ziwani ardhi ni nyeupe, na shauri la kwanza lilikuwa kunyunyiza magadi halisi ya sokoni, haya ya kuchemshia maharage. Tuliyajaribu kwenye kipande cha pembeni. Yakigusana na maji ya gundi yanayeyuka, yanaingia kati ya mataruma, na unyevu wake wa chumvi unapitisha umeme kutoka reli hadi reli. Yakikauka yanatoa ukoko unaopanda hadi kwenye kichwa cha reli. Tumetumia rangi nyeupe ya maji na unga wa chaki.

Wiki ya 8: kichwa kinavuta mangapi?

Kichwa ni cha ekseli sita. Chasisi yake ni ya kichwa cha TT, kwa kuwa TT nayo hutumia reli ya milimita 12, na bodi imechapishwa kwa plastiki. Urefu kutoka kiungo cha mbele cha kufungia mabehewa hadi cha nyuma ni milimita 190, uzito gramu 180. Kwenye reli tambarare na safi, mizani ndogo ya springi ilisoma mvuto wa gramu 36 kabla magurudumu hayajaanza kuteleza. Ni sehemu moja ya tano ya uzito wake, jambo la kawaida.

Mabehewa ni 14: hopa 5 (mabehewa ya kumwagia mzigo chini) za magadi, matangi 2 ya mafuta, mabehewa 3 yaliyofunikwa ya chumvi na bidhaa, na mabehewa wazi 4. Kwa hesabu tumekadiria behewa moja kuwa na milimita 145 na gramu 85. Jaribio la kwanza kwenye mwinamo: mabehewa matano yalipanda, la sita likatelezesha kichwa.

Kosa halikuwa la kichwa. Tulichukua mita moja ya reli, tukaweka behewa juu yake, tukainua ncha polepole hadi behewa lianze kubingirika lenyewe. Ncha ilifika milimita 45, maana yake behewa linajizuia kwa asilimia 4.5 ya uzito wake. Ukiongeza asilimia 2 za mwinamo, kila behewa linadai gramu 5.5. Kichwa nacho kinatumia gramu 3.6 kujipandisha chenyewe, zinabaki 32. Gawanya: ni mabehewa matano na kitu.

Dawa ilikuwa vikombe vya shaba, ambamo ncha za ekseli huzungukia, kwenye bogi (fremu za magurudumu), viwili kwa kila ekseli, ekseli 56, vikombe 112. Tundu linatobolewa kwa mkono. Drili ya umeme huyeyusha plastiki na tundu linaenda upande. Baada ya hapo behewa lilibingirika ncha ikiwa milimita 20 tu. Sasa kila behewa linadai gramu 3.4 mlimani, na kichwa kinapandisha manane hata kwenye kona. Hatukuongeza risasi ndani ya kichwa, maana mota ni ndogo na kuteleza kwa magurudumu ndiko kunakoiokoa isiungue.

Wiki ya 9: urefu wa lupu

Furaha ya mabehewa manane ilidumu siku mbili. Lupu ya Magadi, ikipimwa kati ya alama za usalama (mahali ambapo behewa lililosimama haliguswi na linalopita njia ya jirani), ina milimita 900. Treni ikifika, kichwa lazima kiachane nayo, kitangulie kwenye mkia wa njia (kipande cha mwisho kabla ya kizuizi) upande wa ziwa, kirudi kupitia njia ya pili na kushika ncha nyingine. Kwa hiyo mabehewa yote na behewa la gadi, la milimita 120, lazima yaingie ndani ya 900. Mabehewa matano ni 725, na la gadi inakuwa 845. Ukiongeza la sita ni 990, na pointi haigeuki.

Basi treni ya tawi hili ni mabehewa matano, hata kichwa kingeweza mara mbili yake. Kikomo cha kazi kiko kwenye lupu fupi kuliko zote ambayo treni italazimika kugeuzia kichwa. La sita linaruhusiwa kutoka Konza kwa sharti moja tu, kwamba ni la Kajiado na litabaki Kajiado.

Wiki ya 11: kikao cha kwanza, na treni iliyoondoka bila kichwa

Dereva mmoja, gadi mmoja, kijiti kimoja cha ruhusa. Asiye na kijiti mkononi haingii kwenye tawi. Viungo ni vya kati vya kujifunga vyenyewe, kama vya reli halisi ya hapa, na kuvifungua tunatumia kijiti cha mishikaki kilichochongwa ncha bapa: kiingize kati ya ndoana mbili, kizungushe robo, ondoa.

Kikao, yaani safari nzima ya kwenda na kurudi, kilichukua saa 2 na dakika 10, na kichwa kilibadili mwelekeo mara 34 pale Magadi pekee. Makosa mawili yanastahili kuandikwa kwa kirefu.

La kwanza ni la kwenye saidingi ya marumaru. Pointi yake iko upande wa Kajiado, kwa hiyo treni inayoshuka inaikuta uso kwa uso. Kichwa kikiingia kinatangulia mabehewa na kunaswa kati yao na kizuizi cha mwisho. Saidingi hii inahudumiwa wakati wa kupanda tu: treni inapita pointi, inasimama, kisha inarudi nyuma kuingia. Behewa tupu la marumaru linapaswa kushuka hadi Magadi na kupanda tena ndipo lifike kwake. Inaonekana kama upotevu wa nafasi, lakini njia nyingine ni kulisukuma mbele ya kichwa kwenye mteremko, na hilo hatulifanyi kwenye mfano kwa sababu ileile inayolikataza kwenye reli ya kweli: dereva hana macho ya mbele wala breki anayoiamini mbele yake.

Tatizo lilikuja wakati wa kubadilishana. Kichwa kilichukua behewa tupu kutoka mbele ya treni, kikaingia saidingi, kikatoka na lenye mawe mkiani. Kikalirudisha kwenye njia kuu kulifunga na treni iliyosimama. Viungo vya kujifunga vinataka msukumo kidogo. Msukumo wa kwanza haukushika, wa pili ulizidi. Behewa la gadi na la mwisho yalikuwa tayari yamevuka kipande tambarare na kukaa kwenye mwinamo, na baada ya vikombe vya shaba hakuna kitu kilichokuwa kikiyashikilia. Gurudumu lililokwisha kuanza kuzunguka linahitaji nguvu ndogo kuliko ya kulianzisha. Mabehewa manne, yaani yote yaliyobaki kwenye njia kuu, yaliteremka na la gadi hadi Magadi na kugonga hopa zilizokuwa zikisubiri. Bogi mbili zilivunjika pini.

Hapa ndipo behewa la gadi linapojieleza. Linakaa mkiani, na treni inapopanda mkia ndiyo ncha ya chini. Gadi hufunga breki ya mkono kabla kichwa hakijaachana na treni, na uzito wote unaegemea breki hiyo. Sasa tumechoma matundu mawili katikati ya njia mahali la gadi linaposimama na kupandisha nyuzi mbili za nailoni kutoka brashi ya nguo, zikizidi kimo cha ekseli kwa milimita moja. Kichwa kinazipita bila kuhisi, lakini treni iliyoachwa inashikwa. Utaratibu wa mdomo pia umeandikwa: gadi aseme "breki imefungwa" kabla kijiti cha mishikaki hakijaguswa. Katika vikao vinne vilivyofuata hakuna behewa lililoondoka peke yake.

Wiki ya 12: mpangilio wa mabehewa kutoka Konza

Kosa la pili lilianzia yadini. Behewa la marumaru lilikuwa limepangwa nyuma ya lile la Kajiado, kwa mantiki kwamba yote mawili ni shughuli ya njiani. Kichwa kilipozunguka Magadi na kushika ncha ya pili, behewa hilo likawa la mbali kabisa, upande wa ziwa. Kila tulipotaka kufikia hopa, lilikuwa limetangulia na kuziba.

Mpangilio tuliofikia, kuanzia kwenye kichwa: la Kajiado, hopa mbili, tangi, lililofunikwa, la marumaru, la gadi. Kazi ya Magadi inakwenda hivi.

Treni inasimama njia kuu, kichwa kinazunguka kupitia lupu. Kitu cha kwanza kuguswa ni behewa la gadi: linavutwa, linasukumwa ndani ya lupu hadi alama ya upande wa ziwa, breki inafungwa. Treni ya kurudi itajengwa juu yake, na ukilisahau hadi mwisho utabomoa kila ulichojenga. Kichwa kinarudi njia kuu. Mbele yake sasa kuna la marumaru, lililofunikwa, tangi, hopa mbili. Kinasukuma zote hadi njia ya kupakilia, hopa tupu zinafunga na hopa zilizojaa, zote saba zinavutwa nje. Zilizojaa zinaingia lupu na kuachwa kwa la gadi, kisha tupu zinarudishwa chini ya mashine ya kupakilia. Mwendo huohuo unarudiwa kwenye njia ya mafuta na chumvi. Mwishoni kichwa kimebaki na la marumaru peke yake mkononi, kinalisukuma kwenye treni, na limekaa palepale linapotakiwa: nyuma tu ya kichwa, tayari kwa saidingi ya kwanza ya kupanda.

Mabadiliko ya mwelekeo yalishuka kutoka 34 hadi 20. Kikao kizima saa 1 na dakika 5. Hakuna pointi iliyohamishwa wala reli iliyoongezwa. Dakika tano za kupanga Konza zimeokoa saa nzima mbele.

Tahadhari: wakati wa kuvuta yale saba, kichwa kinapanda mwinamo na mabehewa yako chini yake. Vuta taratibu, na usisimame ghafla.

Kajiado ina pointi inayofaa treni inayoshuka, kwa hiyo behewa jipya linaingizwa wakati wa kushuka. Lililokwisha kupakuliwa linatolewa na kuachwa kwenye lupu, na treni inayopanda inalichukua: kichwa kinaacha treni, kinapita njia kuu, kinaingia lupu kwa ncha ya juu na kutoka nalo. Kazi fupi.

Wiki ya 14: kadi na mizigo

Kila behewa lina kadi, na kila kadi ina mfuko wa hati ya mzigo inayogeuzwa baada ya kikao. Hopa hujazwa ndani ya kikao kimoja. Tangi hukaa vikao viwili, kwa sababu mafuta mazito ya tanuri hayatiririki yakiwa baridi, hupashwa moto kwanza ndipo yapakuliwe. Kwa hiyo kuna vikao ambapo tangi lililo kiwandani haliruhusiwi kuondoka, na gadi asiyesoma kadi analivuta na kulirudisha bure. Kuanzia kikao hicho kadi za matangi zina alama nyekundu.

Magadi yaliyochomwa hunyonya unyevu na kugandamana kuwa mabonge, ndiyo sababu ya hopa zenye vifuniko. Tumeviunda vifuniko kwa kadi ya milimita 0.5, na vinafungwa kabla kichwa hakijagusa behewa.

Marumaru yalikuwa yamejazwa hadi ukingoni, na hayo ni makosa. Tani 30 za mawe yaliyovunjwa, kwa tani 1.6 kila mita ya ujazo, ni mita za ujazo 19 hivi. Kwenye sakafu ya mita 12 kwa 2.4 hiyo ni kina cha sentimita 65, na kwa kipimo chetu milimita 7.5. Behewa la mawe likiwa limejaa kwa uzito, kwa macho linaonekana nusu tupu. Tumeyapunguza yote manne, na yanapendeza zaidi.

Wiki ya 16: mambo yasiyokwisha

Ekseli nne kati ya 56 zilikuwa na magurudumu yaliyosogeleana na kuruka pointi, zikarekebishwa kwa geji. Pini za chini za viungo zilikuwa zikikwaruza kwenye mbao za pointi. Zimepindwa juu hadi ziwe milimita 0.8 kutoka kichwa cha reli. Umeme wa nyumba ukiyumba kichwa kilizima katikati ya kusukuma, kwa hiyo kapasita imeongezwa ndani. Mwendo umetulizwa kwa CV3 ya 20 na CV4 ya 15 (mipangilio ya kidijitali ya kichwa kuongeza na kupunguza mwendo taratibu), na dereva anasubiri dakika mbili kila anapofunga treni nzima, muda wa kujaza hewa na kupima breki. Reli zinafutwa kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila kikao. Msasa hatutumii, kwa maana mikwaruzo yake ndiyo inayokamata uchafu wa wiki ijayo.

Wiki ya 17: lupu ya Magadi

Kiwanda sasa kinajaza hopa tatu kwa kikao na tunaondoka na mbili. Kuongeza behewa moja kunadai lupu ndefu zaidi kwa milimita 145, itoke 900 ifike 1,045. Njia pekee ni kuisogeza pointi ya upande wa ziwa. Mkia wa njia una milimita 380 na utabaki na 235. Kichwa ni 190, kwa hiyo inasalia nafasi ya 45 kabla ya kizuizi. Inawezekana, ila dereva hatakuwa na ruhusa ya kukosea. Kabla ya kukata reli tumebandika utepe mwekundu pale kizuizi kinapoangukia kwenye hesabu mpya. Vikao viwili vijavyo kichwa kisiuguse. Kikiugusa hata mara moja, pointi inabaki ilipo na hopa ya tatu itasubiri treni ya kesho yake.